Ukubwa wa Chembe za Tope la Ziwa: Tunapima Nini Hasa?

Chembe ya udongo mfinyanzi yenye kipenyo cha maikromita 2, ikiachwa peke yake juu ya kina kirefu kabisa cha Ziwa Tanganyika, ambako maji hushuka hadi mita 1,470, itahitaji karibu miaka 12 kufika chini. Punje ya mchanga mwembamba ya milimita 0.1 itatua baada ya siku mbili hivi. Maji ni yale yale, na hata madini yanaweza kuwa yale yale. Kinachotofautiana ni ukubwa tu, na ukubwa ndio unaoamua chembe ipi itabaki kwenye mdomo wa mto, ipi itasukumwa na mawimbi hadi ufukoni, na ipi itaelea miezi mingi kabla ya kuzama katikati ya ziwa. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua ziwa limepitia nini, kama lilikauka, kama mito yake ilifurika au milima yake ilikatwa miti, huanza mapema sana kuuliza chembe za tope lake zina ukubwa gani.

Swali linaonekana jepesi: chukua tope, pima, andika. Lakini kadiri unavyolisogelea ndivyo linavyogawanyika. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba ukubwa wa chembe haukai ndani ya tope ukingoja kusomwa. Nusu yake hutokana na tope lenyewe, na nusu nyingine hutokana na kifaa kilichotumika pamoja na dawa ambazo sampuli imepitishwa kabla ya kufika kwenye kifaa hicho. Na maziwa ya Bonde la Ufa, yaliyojaa magamba ya mwani, majivu ya volkano na chokaa, yanadai uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu hesabu nyingi za fani hii zimejengwa juu ya chembe ya kwatzi, mviringo na ngumu, yenye densiti ya 2.65.

Tuanze na majina. Mwaka 1898 mwanajiolojia Johan August Udden alipendekeza kipimo ambacho kila daraja lake ni nusu ya lile lililo juu yake. Mwaka 1922 Chester Wentworth akakiboresha, na hadi leo wanajiolojia wanakifuata: mchanga huanzia milimita 2 kushuka hadi maikromita 62.5, silti kutoka hapo hadi maikromita 3.9, na kilicho chini yake ni mfinyanzi. Mwaka 1934 William Krumbein alivigeuza vipimo hivyo kuwa namba za logi ili hesabu ziwe rahisi. Wataalamu wa udongo wa kilimo, kwa upande wao, waliweka mpaka wa mfinyanzi kwenye maikromita 2, na wengi wao huanzishia mchanga kwenye maikromita 50. Matokeo yake, tope moja kutoka Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria, likienda kwa mwanajiolojia na kwa mtaalamu wa udongo litarudi na asilimia mbili tofauti za mfinyanzi, na wote wawili watakuwa sahihi. Hili ni tatizo dogo, linaondoka pale mtu anapotaja mipaka aliyotumia. Wengi hawaitaji.

Tatizo kubwa ni kifaa. Chekeche ndicho cha kale na ndicho kinachoeleweka upesi: waya zimefumwa kwa nafasi inayojulikana, unatikisa, unapima uzito wa kilichobaki juu. Kwa mchanga na changarawe hakuna cha kukilaumu. Chini ya maikromita 63 au hata 40 matundu huziba, chembe hushikana, na chekeche linaishiwa uwezo. Tope la katikati ya ziwa karibu lote liko chini ya kiwango hicho.

Ndipo watu walipogeukia maji yenyewe. Mwaka 1851 George Gabriel Stokes alionyesha kwamba tufe dogo linalozama katika kimiminika hufikia mwendo usiobadilika, na kwamba mwendo huo hukua kwa mraba wa kipenyo. Ukiongeza kipenyo mara kumi, chembe itazama mara mia haraka zaidi. Kutokana na sheria hiyo ikaja njia ya pipeti. Unatawanya gramu 10 hadi 20 za tope katika silinda ya lita moja, unakoroga, unaacha. Kwa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, baada ya saa 7 na dakika 45 hivi, chembe zote zilizozidi maikromita 2 zimeshapita kina cha sentimita 10. Unateremsha pipeti hadi kina hicho, unavuta mililita 20, unakausha, unapima. Unachokipima hapo ni miligramu chache, na humo umo pia uzito wa chumvi uliyoweka kutawanyia tope, ambao lazima uutoe. Haidromita, ambayo George Bouyoucos aliieneza kuanzia mwaka 1927, hufuata sheria ile ile kwa njia ya mkato: badala ya kuvuta maji, inapima jinsi yanavyozidi kuwa mepesi kadiri tope linavyozama.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inapima kitu ambacho ziwa lenyewe linakifanya. Ziwa halijali kipenyo cha chembe kwa rula. Linajali inazama kwa kasi gani. Lakini njia hii inadai masharti, na sharti la kwanza ni joto. Maji ya nyuzi 28 yana mnato mdogo kuliko ya nyuzi 20, na zile saa 7 na dakika 45 zinapungua hadi saa 6 na dakika 25 hivi. Katika maabara ya mji wa joto, umeme ukikatika mchana na kiyoyozi kikazimika katikati ya kipimo, silinda inapata joto na mikondo midogo ya maji inaanza kupanda na kushuka ndani yake. Mtu anayevuta pipeti kwa saa iliyoandikwa kwenye jedwali la Ulaya anavuta kitu kingine kabisa. Dawa yake ni rahisi: ndoo kubwa ya maji ya kuzamishia silinda, kipimajoto, na jedwali lililokokotolewa kwa joto halisi.

Sharti la pili ni umbo. Sheria ya Stokes inazungumzia tufe. Mfinyanzi si tufe. Ni vibamba, na ulanga unaotoka kwenye miamba ya kale ya magharibi mwa Tanzania nao ni vibamba. Kibamba huzama kama jani linavyoanguka, polepole na kwa kuyumba, hivyo pipeti hukihesabu kuwa kidogo kuliko kilivyo. Sharti la tatu ni densiti, ambalo nitalirudia, kwa sababu hapo ndipo maziwa yetu yanapoachana na vitabu.

Katika miongo ya karibuni mashine za leza zimechukua nafasi kubwa. Tope lililochanganywa na maji linapitishwa mbele ya mwali. Chembe kubwa hutawanya mwanga kwa pembe ndogo, chembe ndogo kwa pembe kubwa. Vitambuzi vinakusanya mwanga huo, na kompyuta inarudi nyuma kutafuta ni mchanganyiko gani wa matufe ungeutawanya hivyo. Kipimo kinachukua dakika chache na kinahitaji tope lisilofika gramu moja. Kwa anayechunguza nguzo ya tope iliyotolewa kwa bomba chini ya ziwa, akakata vipande vya sentimita moja moja kwa mita kumi, hilo pekee linamaliza mjadala. Hana gramu 10 za kutoa kwa kila kipande, maana tope hilo hilo linatakiwa pia kwa kaboni, kwa chavua na kwa kupimia umri.

Leza nayo ina mambo yake. Kwanza inatoa asilimia za ujazo, wakati pipeti inatoa za uzito, na ujazo, sawa na uzito, unaipendelea chembe kubwa bila huruma: punje moja ya maikromita 100 ina ujazo sawa na chembe milioni moja za maikromita 1. Punje mbili tatu za mchanga zilizobahatika kuingia katika sampuli zinaweza kuinua mkia wote wa mchoro. Pili, kibamba cha mfinyanzi kinachozungukazunguka mbele ya mwali huonekana kwa upana wake, hivyo leza hukiona kikubwa, kinyume kabisa na pipeti. Mwaka 1997 Martin Konert na Jef Vandenberghe, wa Amsterdam, walilinganisha njia hizo mbili na kuonyesha kwamba mpaka wa mfinyanzi wa maikromita 2 kwa pipeti unalingana na maikromita 8 kwa leza. Ni mara nne! Mtu asiyejua hilo akiweka takwimu za pipeti za miaka ya 1970 pembeni ya takwimu za leza za leo, atatangaza kwamba mfinyanzi umepungua ziwani, kumbe kilichobadilika ni kifaa.

Tatu, mashine inataka uiambie chembe zako zinapinda mwanga kiasi gani na kuumeza kiasi gani. Nadharia aliyoitoa Gustav Mie mwaka 1908 haifanyi kazi bila namba hizo, na wengi wanaacha zile zilizowekwa kiwandani, ambazo mara nyingi ni za kwatzi. Kwa silti na mchanga kosa ni dogo. Kwa chembe za chini ya maikromita 2 au 3 linaweza kuongeza au kufuta sehemu nzuri ya mfinyanzi wote, na ripoti haitaonyesha dalili yoyote kwamba jambo hilo limetokea.

Sasa tuingie ndani ya tope lenyewe, maana hapa ndipo penye uzito wa suala zima. Kabla ya kupima, maabara husafisha sampuli. Haidrojeni peroksaidi huchoma masalia ya mimea na viumbe. Kwenye tope jeusi povu hupanda hadi kumwagika, na kazi inaweza kuchukua siku kadhaa za kuongeza kidogo kidogo. Asidi ya haidrokloriki huondoa chokaa. Soda kali yenye moto huyeyusha magamba ya diatomu, ule mwani mdogo unaojijengea nyumba ya silika, yaani kioo. Mwisho huwekwa fosfeti ya sodiamu ili vibamba vya mfinyanzi visukumane na kuachana, na mara nyingi sampuli hutikiswa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio. Nia ni kubakiza madini yaliyoletwa na mito na upepo tu. Kila hatua inaondoa kitu, na kila kitu kinachoondolewa kilikuwa sehemu ya ziwa.

Angalia Ziwa Chala, lile ziwa dogo la shimo la volkano chini ya Kilimanjaro, ambalo mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati yake. Tope lake limejipanga kwa tabaka jembamba jeupe na jeusi, jozi moja kwa mwaka. Jeupe ni diatomu: msimu wa kipupwe na upepo, kuanzia Juni, maji ya juu huchanganyika na ya chini, virutubisho hupanda, na mwani huo huchanua na kufa kwa wingi. Jeusi ni la msimu wa mvua. Mwaka 2011 Christian Wolff na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuhesabu na kupima unene wa matabaka hayo, wakaonyesha jinsi yanavyofuatana na miaka ya El Niño na La Niña. Mwaka 2016 mradi wa kimataifa ukachimba zaidi ya mita 200 za tope hilo, kumbukumbu ya takriban miaka 250,000.

Chukua tope la namna hiyo, lipitishe kwenye leza bila kuyeyusha diatomu. Mchoro utaonyesha kilima kikubwa katika eneo la silti. Mtu aliyezoea maziwa ya mito ataandika: silti imeongezeka, mito imefurika, mvua zilikuwa nyingi. Kumbe kilima hicho ni mwani, na mwani huo ulichanua kwa sababu ya upepo wa kipupwe. Tafsiri imegeuka kichwa chini miguu juu. Na diatomu wenyewe hawafanani: katika Ziwa Victoria jamii ya Aulacoseira, ambayo ni mitungi mifupi iliyoungana kama mnyororo, ilipungua ndani ya karne ya 20 na nafasi yake ikachukuliwa na Nitzschia, ambao wengi ni sindano nyembamba. Mnyororo ukivunjika kwa mawimbi ya sauti unapimwa kuwa mfupi. Sindano inapimwa kwa urefu au kwa upana kutegemea imelala vipi mbele ya mwali. Mabadiliko ya viumbe yataonekana kama mabadiliko ya mashapo.

Basi tuyeyushe diatomu wote? Ndivyo inavyofanyika mara nyingi, na mara nyingi ni sawa. Lakini soda inayoyeyusha kioo cha diatomu inakula pia kioo cha volkano, na kuzunguka Chala, Naivasha au kaskazini mwa Nyasa majivu ya volkano ni sehemu halali ya kilichoanguka ziwani. Na ukiwaacha diatomu, hata pipeti inadanganyika, kwa sababu ya densiti. Gamba la diatomu lina matundu na uwazi ndani, silika yake ina densiti ya karibu 2.1, na likijaa maji huzama polepole mno kulingana na ukubwa wake. Vipande vya kioo cha volkano navyo ni vyepesi kuliko kwatzi, na vingine vina mapovu. Ukiweka 2.65 kwenye hesabu ya Stokes, vyote hivyo vinageuka kuwa chembe ndogo ambazo hazipo.

Asidi ina mtego wake. Mwaka 2005 mradi mkubwa ulichimba Ziwa Nyasa, ambalo majirani zetu wa Malawi huliita kwa jina la nchi yao, na nguzo ndefu kuliko zote ilifika chini ya sakafu ya ziwa kwa takriban mita 380. Ilionekana kwamba kabla ya miaka 75,000 hivi iliyopita ziwa lilipitia vipindi vya ukame mkali, maji yakashuka kwa mamia ya mita. Katika vipindi vya maji mengi tope ni jeusi, lenye tabaka na diatomu. Katika vipindi vya ukame ni la kijivu cheupe, lenye chokaa nyingi, kwa kuwa ziwa lililopungua lilizidi chumvi na chokaa ikajitenga na maji. Ukiliosha tope hilo kwa asidi umeondoa ushahidi wenyewe wa ukame. Kwa kupima chembe za mito ulikuwa na haki ya kufanya hivyo, ila andika uzito uliopotea. Uzito huo pengine una maana kuliko mchoro utakaoupata baadaye. Tanganyika nayo ina majukwaa ya pwani yaliyofunikwa na makombe ya konokono wa Neothauma, ambamo aina fulani za samaki huzaa na kuishi. Kwa chekeche kombe hilo ni changarawe, lakini hakuna mto uliolibeba.

Kisha kuna suala la vibonge, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Ile chembe ya miaka 12 niliyoanza nayo haizami peke yake. Inagandamana na nyingine kwa utelezi wa bakteria na mwani, au inaliwa na kamba wadogo wa majini na kutoka ndani ya kinyesi, na hivyo inashuka pamoja na mzigo kwa siku au wiki. Mfinyanzi wa mto Rusizi au wa mto Kagera hufika ziwani ukiwa umeshaanza kushikana. Maabara inapoweka fosfeti na mawimbi ya sauti inavunja hayo yote. Kinachopimwa ni chembe zilivyokuwa milimani, kwenye udongo wa shamba. Si zilivyokuwa zikizama. Vipimo vyote viwili vina kazi. Ukitaka kujua tope limetoka wapi, tawanya. Ukitaka kujua maji yalikuwa na nguvu gani siku tope lilipotua, kipimo cha tope lisilotawanywa kina la kusema, ingawa bomba na pampu ya mashine vitavunja baadhi ya vibonge hata usipotaka. Kutoa kipimo kimoja na kukitumia kujibu maswali yote mawili ni kosa.

Tuseme kipimo kimefanyika vizuri. Kinatuambia nini? Kanuni inayofundishwa kwanza ni kwamba chembe nene maana yake ni pwani au maji mafupi, na chembe laini maana yake ni maji marefu na tulivu. Katika ziwa pana lisilo na kina, kama Victoria yenye mita 80 hivi mahali pa kina zaidi, kanuni ina mashiko: mawimbi yanachokonoa sakafu hadi kina fulani, laini inahamia katikati. Hata hapo, ushahidi mzito zaidi ulitoka kwingine. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake waliporipoti katika Science kwamba Victoria ilikauka karibu miaka 15,000 iliyopita, hawakutegemea ukubwa wa chembe pekee. Chini ya tope laini walikuta udongo mgumu, wenye maji kidogo, uliopenywa na vijizizi vya mimea. Yaani ardhi iliyowahi kuwa na nyasi. Mchoro wa chembe za udongo huo ungeweza kabisa kufanana na wa tope la ziwani, kwa sababu mfinyanzi uliokauka na kupasuka bado ni mfinyanzi.

Katika maziwa yenye kingo za mwinuko kanuni inavunjika. Tanganyika na Nyasa zimepakana na nyufa zinazoshuka wima. Mchanga unaoletwa na kijito hauhitaji safari ndefu kufika mamia ya mita chini. Mteremko unapochoka, tope na mchanga huporomoka pamoja kwa saa chache na kulala juu ya tope laini la karne nyingi. Anayesoma mchanga huo kama dalili ya ziwa kupungua atatangaza ukame usiokuwapo. Poromoko lina alama yake: nene chini, laini juu, mpaka mkali chini yake. Kuiona kunahitaji macho juu ya nguzo iliyopasuliwa, kabla hata ya kijiko cha kwanza cha sampuli.

Naivasha ni mfano mzuri wa subira. Mwaka 2000 Dirk Verschuren, Kathleen Laird na Brian Cumming walichapisha katika Nature historia ya mvua na ukame ya miaka 1,100 kutoka shimo la volkano lililozama ndani ya ziwa hilo. Waliona kipindi kikavu kutoka takriban mwaka 1000 hadi 1270, kisha mvua zaidi hadi karibu 1850, zikikatizwa na ukame wa 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625 na 1760 hadi 1840. Ukame huo ulioana na simulizi za njaa na uhamaji walizohifadhi wazee wa eneo la maziwa. Walisoma asili ya tope, diatomu na masalia ya mabuu ya visubi wa majini kwa pamoja, kila kimoja kikikagua kingine. Hivyo ndivyo ukubwa wa chembe unavyopaswa kutumika: shahidi mmoja kati ya wengi.

Suala hili haliishii kwa watafiti wa kale. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walionya kuhusu tope linalotoka kwenye milima iliyokatwa miti kuzunguka kaskazini mwa Tanganyika, na jinsi linavyopunguza aina za viumbe wa pwani ya mawe. Baadaye, katika miaka ya Mradi wa Nyanza ambao uliwakusanya Kigoma wanafunzi wa Afrika na Marekani, nguzo za tope zilitolewa mbele ya mabonde yaliyohifadhiwa na yale yaliyolimwa. Vijito vya ndani ya Hifadhi ya Gombe vikalinganishwa na Mwamgongo, kijiji kinachopakana na hifadhi hiyo kwa kaskazini. Ni ulinganifu wenye nguvu kwa sababu mwamba, mvua na mwinuko vinakaribiana, na tofauti kubwa ni miti. Hata hivyo mvua kubwa za 1961 na 1962, zilizoinua Victoria kwa zaidi ya mita mbili, zilipita juu ya mabonde yote. Chembe nene za miaka hiyo haziwezi kutupiwa mkulima peke yake.

Na kwa samaki wa kwenye mawe, swali la ukubwa ni la chakula. Silti laini hutanda juu ya utando wa mwani unaokwanguliwa na samaki hao, huziba nafasi kati ya mawe wanamojificha wadudu na konokono, na huvaa fosforasi, kwa maana fosforasi hupenda kushika chembe laini zenye eneo kubwa la kugusa. Mchanga safi huzika lakini hauchafui maji kwa muda mrefu. Ian Donohue na Kenneth Irvine walichapisha mwaka 2003 majaribio yaliyopima moja kwa moja jinsi mchanganyiko wa ukubwa wa chembe unavyogusa uhai wa viumbe wa sakafu ya Tanganyika. Ofisa wa bonde anayepewa tani za tope kwa mwaka bila kuambiwa tope hilo ni la ukubwa gani amepewa nusu ya habari, na nusu aliyokosa ndiyo inayomgusa mvuvi.

Kuhusu takwimu nitasema machache. Wastani wa ukubwa, hata ule wa fomula za Robert Folk na William Ward za mwaka 1957 ambazo bado zinatumika kila mahali, unaficha zaidi kuliko unavyoonyesha pale mchoro unapokuwa na vilima viwili. Tope lenye kilima cha mfinyanzi wa mto na kilima cha diatomu litapata wastani katikati, mahali ambapo hakuna chembe yoyote. Njia za kutenganisha vilima, ambazo Gert Jan Weltje aliziweka kwenye msingi mzuri mwaka 1997, zinasaidia, mradi mtu aangalie kwa darubini kilima kipi ni cha nani. Tone moja la tope kwenye kioo cha darubini, dakika tano, na diatomu wanaonekana wazi. Ningependa kipimo chochote cha leza cha maziwa yetu kisikubaliwe kuchapishwa bila picha hiyo.

Kinachowezekana kufanyika sasa si kigumu wala ghali. Kila asilimia ya mfinyanzi iandikwe pamoja na kifaa, mipaka, dawa zilizotumika na uzito uliopotea kwa kila dawa. Sampuli za mwanzo zipimwe mara mbili, kabla na baada ya kusafishwa, na mchoro mzima uhifadhiwe badala ya wastani wake. Takwimu za zamani za pipeti haziwezi kugeuzwa kuwa za leza kwa kuzidisha tu, kwa sababu uhusiano wa mfinyanzi wa Amsterdam si lazima uwe uhusiano wa tope lenye diatomu la Nyasa. Njia ya uhakika ni kupima upya. Nguzo za mwaka 2005 kutoka Nyasa zimehifadhiwa kwenye baridi katika ghala la Chuo Kikuu cha Minnesota, na mtafiti anaweza kuomba vipande. Lakini hata hilo linaweza kungoja. Jambo la kwanza ni tope la ulinganisho: ndoo chache kutoka mdomo wa mto Luiche karibu na Kigoma, kutoka Winam, kutoka Naivasha na kutoka Chala, zikaushwe kwa joto dogo, zichanganywe vizuri kila moja peke yake, zigawanywe, na kila maabara kutoka Kigoma hadi Kisumu na Entebbe ipewe fungu la kila ziwa ipime kwa kifaa ilicho nacho. Gramu 20 kwa pipeti, gramu 50 kwa haidromita, na gramu moja kwa mwenye leza.